Kiraka cha Cyril, na Miaka Arobaini na Mmoja ya Gillian Leggate

Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba 2019, saa kumi jioni, Gillian Leggate atafunga kabati la picha na kurudisha funguo, baada ya kuyatumikia Makumbusho ya Ndege za Jeshi ya Thornby Carr kwa miaka arobaini na mmoja, miezi mitatu na siku tisa. Hesabu ni yangu. Mimi ni Edna Leggate. Niliwapikia chai katika kantini ya makumbusho haya miaka ishirini na sita, kwa hiyo ni mfanyakazi mwenzake. Pia ni mama yake mzazi, na anayeona hilo ni kosa basi aiache keki yangu mezani.

Desturi yetu ni kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa na mwenyekiti wa kamati. Bwana Rodney Thackray aliandika. Mistari sita! Ndani yake amemwita binti yangu "msaidizi wetu wa picha." Msaidizi wa nani, jamani? Kwa miaka arobaini na mmoja hakuna mtu mwingine hapa aliyewahi kupiga picha hata moja isiyo na kidole chake ndani. Karatasi ile nimeitandika chini ya kibakuli cha paka. Hii mliyoshika imechapwa kwa mashine ya kanisani, na kamati wataisoma pamoja nanyi.

Gillian alizaliwa mwaka 1958 katika nyumba za askari, upande wa pili wa uzio huu huu. Baba yake, marehemu Ron, alikuwa fundi wa injini katika kituo cha jeshi la anga kilichokuwa hapa. Akiwa mchanga alilala fofofo ndege za Hunter zikinguruma juu ya paa. Zikinyamaza ndipo alipoamka na kulia. Majirani walinicheka. Leo nawauliza, mtoto wa nani aliyejua kazi yake akiwa bado kwenye nepi?

Julai 1967, Siku ya Familia kituoni, alikuwa na miaka tisa na Ron akampa kamera yetu ya boksi. Watoto wote walikimbilia marubani. Gillian akaenda kwa Koplo Cyril Blanchard, fundi wa mabati, aliyesimama kando ya Hunter namba 418. Cyril alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuipiga kiraka chini ya chumba cha rubani, upande wa kushoto. Kiraka chenyewe kilikuwa na ribiti, ile misumari ya kushikiza mabati, kumi na moja. Kumi zimenyooka kama gwaride, ya saba imekwenda upande.

"Bwana Cyril, hii mbona imepinda?" mtoto akauliza. Alikuwa na mdomo tangu hapo.

"Hiyo ni ya Doreen," Cyril akamjibu. "Alipita na sinia la chai, jicho likamfuata, mkono nao ukafuata jicho."

Doreen alikuwa mkewe, ndoa ya miezi mitano. Cyril akaweka kiganja kando ya kiraka, na Gillian akapiga picha yake ya kwanza duniani. Ilipotoka, ndege haina pua na Cyril hana kofia, ila kiraka kinaonekana, kiganja kinaonekana, na nyuma kwa mbali namba 418 inasomeka. Ron alicheka mpaka machozi. "Umemkata kichwa, mwanangu, kama bata wa Krismasi!" Wiki tatu baadaye Cyril akafa kwa pikipiki kwenye barabara ya Louth. Doreen hakuwa na picha nyingine ya mumewe akiwa kazini. Hatukuicheka tena.

Hapo ndipo Gillian alipopata utaratibu wake, na hakuuacha hata mara moja: kwanza fundi, kisha ndege, mwisho rubani. Na nyuma ya kila picha anaandika kwa penseli majina, tarehe, namba, na kila kiraka na mkwaruzo. "Rangi ni nguo, mama," huniambia. "Ndege unaitambua kwa makovu."

Alianza hapa Juni 1978, anafagia banda. Leo kabatini mna picha elfu thelathini na moja: ndege za Canberra, Buccaneer, Lightning, Vulcan, na watu waliozipaka grisi. Wazee wanaandika kutoka Uskoti na Australia kuulizia ndege waliyoihudumia wakiwa vijana, naye huwajibu kwa barua na picha, kila mmoja, hata wale wenye mwandiko wa kuku. Siku Vulcan ya mwisho ilipopita angani mwaka 2015, wakubwa walikaa kwenye viti. Gillian alikuwa amelala chali katika shamba la kabichi la Bwana Leake, ambaye alipiga kelele, "Wee Gillian, utaniponda mboga!" Akamjibu bila kutoa jicho kwenye kamera, "Zihesabu, Bwana Leake, nitakuja kuzila!" Akaja kweli. Tulikula kabichi mpaka pasaka.

Sasa nifike kwenye linalonichemsha.

Hunter tuliyo nayo uani ilifika mwaka 1979, imetoka chuo cha mafunzo, imepakwa kijivu kitupu, haina namba. Gillian aliizunguka mara moja tu, akachutama chini ya chumba cha rubani, akahesabu. Kumi na moja, na ya saba imepinda. Akatoa ile picha ya bata wa Krismasi. Ilikuwa 418! Ikapakwa rangi zake za zamani na namba yake. Toka hapo kila Julai Doreen alikuja na kipande cha mkate wa zabibu kwenye mkoba, akaweka kidole juu ya ribiti ya saba, akasimama dakika chache, kisha akaja kantini kwangu kunywa chai. Miaka ishirini na minne alifanya hivyo. Hakuolewa tena.

Mwaka 2003 Bwana Thackray akaingia uenyekiti, naye akataka ndege yenye jina. Akafungua kifuniko cha tumboni, na kwa ndani akakuta pameandikwa 502. Basi! Hunter 502 ni ile iliyokuwa ikipinduka angani mbele ya wafalme. Wakaitwa watu wa gazeti. Gillian akamwambia, na Ron akiwa hai akamwambia, na kila fundi mzee wa wilaya hii akamwambia: vifuniko vile hufanana, na watu wakiwa na haraka hubadilishana, ndege hii ikaruka na kifuniko cha ile. Ndiyo maana viliandikwa namba kwa ndani, virudi kwao. Hicho hakikurudi. Ukivaa soksi ya mumeo, ndiyo umekuwa mumeo?

Mwenyekiti akamjibu binti yangu mbele ya watu: "Gillian, wewe piga picha. Historia tuachie sisi." Wakaipaka ndege nyeusi ya kumetameta, namba 502 kwa rangi nyeupe. Na ili ing'ae vizuri, kiraka cha Cyril wakakijaza gundi nzito ya kuzibia mpaka kikawa laini kama uso wa sahani.

Julai iliyofuata Doreen akaja na mkate wake. Akaambiwa mapokezi kwamba kulikuwa na makosa, 418 ilikatwa vyuma chakavu zamani, hii ni nyingine, na wataalamu wamethibitisha. Alikaa kantini kwangu na hakuigusa chai. "Kumbe, Edna," akaniambia, "miaka yote ile nimekuwa nikishika ndege ya watu wengine. Hata lile jambo dogo nililobakiwa nalo lilikuwa la uongo." Nikamwambia si kweli. Akanipapasa mkono kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Aliamini wataalamu. Hakurudi tena.

Gillian aliandikia kamati barua kila Januari. Barua kumi na sita, kila moja na nakala ya picha. Walijibu mbili. Ya kwanza ilimshukuru kwa bidii yake, ya pili ilimshukuru tena. Watu huuliza kwa nini hakuacha kazi. Nami nilimwuliza, tena kwa ukali. Akasema, "Nikiondoka, mama, nani atabaki hapa anayejua ni ipi?" Huyo ndiye msaidizi wa picha.

Jumanne iliyopita, wiki yake ya mwisho, alimpigia simu Doreen huko Horncastle, akamwomba aje kwa basi la asubuhi, basi tu, bila kumweleza. Nami nilikuwepo na flaski. Gillian akapiga magoti kwenye majani akiwa na vitambaa, dawa ya kuondolea rangi na kijiti cha mti, akaanza kukwangua upande wa kushoto chini ya chumba cha rubani. Binti wa miaka sitini na mmoja, magoti mabovu. Doreen alisimama nyuma yangu.

Bwana Thackray akatoka ofisini mbio, tai begani. "Gillian! Hiyo ni mali ya makumbusho! Una wazimu?"

"Hesabu mwenyewe, Rodney," akamwambia, hakugeuka. "Anzia kushoto."

Akahesabu. Si alikuwa na watu wamemzunguka, angefanyaje? Moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mkubwa. Alipofika saba hesabu ikaishia hapo.

Doreen akanipita. Akavua glavu. Akaweka kidole pale pale, akasema, "Habari za siku nyingi, mpumbavu wewe." Na akacheka, jamani. Akacheka kama yule msichana wa sinia.

Gillian akapiga picha. Nimeiona juzi: ndege haina pua. Nikamwambia, "Miaka hamsini na miwili, mwanangu, na bado unakata?" Akasema, "Mama, pua zipo kwenye picha nyingine elfu thelathini."

Na Bwana Thackray je? Alikohoa, akasema suala hilo litapelekwa kwenye kikao cha Novemba. Novemba! Miaka kumi na sita ya barua, mjane kanyang'anywa mumewe mara ya pili, na yeye anataka Novemba. Kisha nasikia kamati imeandaa saa ya ukutani iwe zawadi ya kuagwa. Asanteni, saa tunayo. Mpeni mnayemtaka aone muda unavyokwenda.

Kwa hiyo, wageni wetu wapenzi, shughuli ya Jumamosi itakuwa hivi. Chai saa tisa, na keki ya matunda, na mkate wa zabibu wa Doreen. Kabla ya hotuba ya mwenyekiti tutatoka uani sote. Nyuma ya jiko langu kuna kopo la rangi nyeupe na brashi tatu, na Gillian amekata karatasi ngumu ya kuchorea namba, kipimo kwa kipimo, kutoka kwenye ile picha ya 1967. Doreen atapaka nne. Mimi nitapaka moja, kwa sababu ni mstari mmoja na mkono wangu wa miaka themanini na nane unatetemeka. Nane ni ya Gillian. Bwana Thackray atapewa kitambaa afute 502, na akifanya hivyo kwa moyo mweupe nitamkatia kipande cha keki kama wenzake, maana sikulea kinyongo nyumbani kwangu. Lakini akisema Novemba tena, kipande chake kitaliwa na paka.

Tunawashukuru mafundi wote waliomfundisha kuangalia makovu, na Bwana Leake kwa kabichi. Na wewe Gillian, fahari yangu, umetushikia ukweli miaka yote hiyo kwa penseli na kwa magoti mabaya. Nenda nyumbani kapumzike. Upate afya, upate jua la kupigia picha, na kwa kuwa sasa hapana kinachonguruma juu ya paa, naomba ujifunze hatimaye kulala kwenye ukimya.