Mwalimu Brashi na Watoto Waliochora Ndoto

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mwalimu Brashi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe, mkunga. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake.

Alisoma sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wa sanaa aliwachoresha mtungi uleule muhula mzima. Marehemu hakumsamehe mtu huyo hadi kufa. Alihitimu ualimu mwaka 1979.

Mwaka 1983 aliolewa na fundi redio. Jioni moja mumewe, akitazama picha aliyoichora, alimwuliza, "Huyu ndege mbona ana mlango?" Akajibiwa, "Sasa atatokaje?" Mume akacheka, akaenda kumtengenezea fremu.

Darasa la tano aliwafundisha mtindo wa kisurealisti, yaani kuchora ndoto kana kwamba ziko mezani. Walimu wenzake, waliosomesha kwa maandalio yaleyale tangu waajiriwe, walimcheka. Kwenye kikao cha wazazi, karani wa benki alifoka, "Mwanangu kachora kiatu chenye meno! Ndiyo elimu hiyo?"

Marehemu akamtazama miguuni. "Mtoto anakijua kiatu chako, mzee. Mwulize kimemng'ata mara ngapi."

Karani akakaa.

Mwaka 1996 mwalimu mkuu, mtu wa tai na mihuri, aliamuru ukuta waliouchora watoto upakwe chokaa, wakaguzi wasije wakauona. Watoto walilia. Marehemu aliwahamishia stoo ya madawati mabovu, wakaendelea. Picha zao ziliposhinda maonyesho ya taifa, mwalimu mkuu huyohuyo alijipanga mbele ya kamera: "Huu ni mradi wetu." Haoni haya, leo kakaa mstari wa mbele.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2021. Mwalimu mkuu huyo alimletea hospitalini picha aliyoichoresha mjini, laini, inang'aa.

"Nani huyu?" marehemu aliuliza.

"Ni wewe, mwalimu."

"Huyo hajawahi kuishi. Nesi, igeuzie ukutani."

Nesi akaigeuza. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, mdogo wake, na wanafunzi wake, ambao ndio waliobeba jeneza.

Apumzike. Waliotaka kumwomba radhi walikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo.