Diko Haliuzwi

Sogeeni, wanangu, na mmoja wenu afunge hilo dirisha, maana muziki wa hotelini hauna haya, unapigwa hata mbele ya mtu anayekata roho. Sikilizeni vizuri, sitarudia, pumzi yenyewe naivuta kwa kuibembeleza.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka naye atakaponifuata, na asihamishwe chumba chake kwa ajili ya mgeni yeyote, hata awe mlipaji mzuri namna gani. Mashua ni ya binti yangu. Asiniambie mtu kwamba mwanamke harithi mashua, kwa sababu kati yenu ni yeye tu ambaye mikono yake bado inanuka samaki.

Wewe mkubwa, usiinamishe kichwa, nina neno na wewe. Daktari aliponikataza bahari, ulikuja ukaniambia, "Baba, kaa barazani ushone wavu, wageni wanapenda kuona." Nikakaa, nikashona, wakanipiga picha, wengine wakanipapasa bega kama mbuzi wa mnadani. Lakini kila asubuhi nikawa naukuta wavu umechanika palepale nilipoushona jana, nikasema ni panya, nikatega mtego. Kumbe panya ni wewe. Nilikuona alfajiri na kisu, unakata kazi ya baba yako ili wageni wapate cha kutazama. Nikashona tena. Limeniuma kuliko ugonjwa huu, na nalisema mbele ya dada yako ili nisiende nalo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa shamba lenyewe. Alianza kwa kuomba kivuli cha kupumzikia, tukamwona mstaarabu, akajenga ukuta, kisha tukaambiwa samaki wetu wananuka, tukawaanike mbali, kana kwamba bahari ilikuwa inatoa maua. Jirani yetu, yule fundi mashua, aliuza kiwanja chake, na leo analinda geti palepale, filimbi shingoni, na nikipita ananiuliza naenda kwa nani. Simcheki, tumbo halina adabu.

Sasa limebaki diko letu, kile kipande kati ya kuta mbili ambako mashua zinapandishwa mchangani. Pakizibwa hapo, hakuna mvuvi wa hapa atakayegusa maji ila kwa ruhusa ya mlinzi. Najua, mkubwa, meneja ameshakuahidi makubwa, na najua unangoja nifumbe macho. Karatasi haitakuzuia, karatasi huchanwa. Nimetafuta kitakachokuzuia.

Msinipeleke makaburini. Nizikeni dikoni, ubavuni mwa ukuta wao, chini ya yale madirisha yao makubwa, ila mwache nafasi mashua zipite. Mgeni hasafiri kutoka mbali aje anywe chai akitazama kaburi, na meneja hatanunua mahali nilipolala. Wewe mkubwa ndiye utakayechimba. Siku utakayotaka kupauza, itabidi unifukue kwanza, kwa mikono hiyohiyo, dada yako akikutazama.

Niinueni kidogo... hapo, basi. Radhi zangu nawapa wote... hata wewe, mwanangu, hata wewe. Mungu awape riziki isiyo na... isiyo na mlinzi mlangoni. Mtunzeni mama. Na mchimbe chini sana... mchanga wa pale... unaporomoka.