Kipimo cha Pili

Wapendwa, amani iwe kwenu, na wazee wangu shikamooni. Mchungaji aliniuliza kama kweli nataka kusimama hapa. Nataka. Mume wangu ameketi pale nyuma, naye ameniruhusu niseme yote.

Mimi ni mkulima wa karanga, kijijini Ntalikwa. Nilipobeba mimba ya tatu tulikwenda kliniki pamoja, tukapimwa virusi vya UKIMWI, tukaambiwa hatuna. Tukarudi tunataniana njiani. Baadaye mume wangu akaenda Goweko kulima tumbaku, akawa anakuja na kuondoka.

Tumbo lilipokuwa kubwa, nesi akaniambia, "Mama, leo tunarudia kile kipimo."

"Si nilishapima?"

Akavuta kiti akakaa, na foleni ilivyokuwa ndefu. "Kipimo hiki hakikioni kirusi chenyewe. Kinaona askari ambao mwili unawatengeneza ili wapigane nacho. Askari hao huchelewa kujitokeza. Pia mtu anaweza kuambukizwa baada ya kupima. Ndiyo maana tunarudia."

Nikampa kidole. Alipomaliza, akapima tena kwa kipimo cha aina nyingine. Kisha akafunga mlango, akaniambia nina virusi.

Nilichouliza ni kimoja tu: "Na mtoto?"

"Mtoto tunaweza kumkinga," akasema, "ukianza dawa leo."

Nikameza palepale mbele yake. Kazi ilikuwa nyumbani. Mume wangu aliporudi nikamweleza. Akina mama, mnajua wanaume wangapi husikia habari hiyo wakamfungia mke virago. Yeye aliniuliza, "Huyo nesi anafika saa ngapi asubuhi?" Kesho yake akanipakia kwenye baiskeli tukaenda. Akapimwa, naye alikuwa navyo. Mambo ya vilikotoka tulishayazungumza wenyewe, yakaisha.

Aliyebaki kunitisha alikuwa mama mkwe, tunayeishi naye. Sikulala kwa kuwaza atanirudisha kwetu. Mume wangu hakuningoja nipate maneno. Alimkuta mama yake uani anabangua karanga, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, tumepimwa, tuna virusi. Usimlaumu mke wangu. Nimevileta mimi."

Mama akaendelea kubangua. Mimi nimesimama mlangoni.

"Dawa mmepewa?"

"Tumepewa."

"Basi mezeni. Mjukuu wangu hatazaliwa kwenye ugomvi." Akanigeukia. "Mwanangu, njoo ukae. Umesimama mno na hilo tumbo."

Hapo ndipo nilipolia. Na tangu siku ile sikuogopa tena.

Nilijifungulia hospitali. Mtoto akapewa dawa ya maji, na bibi yake ndiye aliyemnywesha, hakuiacha hata kulipokuwa na msiba kwao. Alipofika wiki sita, kliniki walimtoboa kisigino wakachukua damu kutafuta kirusi chenyewe, ikaonekana salama. Lakini nesi akatuonya tusubiri, kwa sababu alikuwa bado ananyonya, na kile kipimo cha askari kingedanganya mapema, maana mtoto huzaliwa na askari wa mama yake, nao hukaa mwilini mwake muda mrefu. Kipimo cha mwisho kilikuwa baada ya mwaka na nusu, nilipokuwa nimeshamwachisha ziwa. Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, bibi yake na mtoto mwenyewe. Nesi alipotoka na majibu alikuwa anafuta machozi. Mtoto hana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyekaa kitini wakati foleni inanung'unika. Namshukuru mume wangu. Kuchuchumaa kule kulitaka ushujaa. Na wewe mama mkwe, mimi nilizaliwa na mama mwingine, ila siku ile uani ulinizaa upya.

Mabinti mlio wajawazito, ukiambiwa huna, furahi, lakini wakikuita tena usikatae. Nanyi akina baba, nendeni nao.

Sasa naomba niketi. Huyo anayepanda ngazi za madhabahu ndiye yule mtoto mwenyewe. Mwacheni kidogo, msimzuie.