Mzee Rula, Mchoraji wa Ramani ya Mabasi

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya stendi kuu, na wasafiri waliopotea waligonga mlango kuuliza njia. Alikuwa akiwachorea kwa chaki sakafuni, mama yake akifoka, "Wewe, hii ni sebule au ubao?"

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha shule ya ufundi, akahitimu uchoraji ramani mwaka 1972.

Mwaka 1974 aliajiriwa na idara ya usafiri ya jiji. Ramani ya mabasi ya wakati huo ilionyesha kila kona na kila daraja. Abiria alikuwa bado anaisoma, basi limeshaondoka. Marehemu alinyoosha barabara zote, akaipa kila njia rangi yake, akabakiza vituo na mahali pa kubadilisha basi. Mhandisi mkuu alishika kichwa. "Bwana wee, mto umeupeleka wapi?"

"Abiria hapandi mto, mkuu."

Ramani ikabandikwa vituoni. Haikupita wiki, fundi cherehani mmoja akaingia ofisini amefura. Kwa kufuata ramani alipanda mabasi mawili kutoka kituo cha soko hadi cha zahanati, akateremka na kuliona soko lile lile ng'ambo ya barabara. "Kaka, umenizungusha mji mzima nivuke barabara!"

Marehemu hakubisha. "Nimekosea, dada. Twende ukanionyeshe." Siku hiyo hiyo aliunganisha vituo vile kwa mstari wa vitone, maana yake tembea. Tangu hapo hakuna ramani iliyotoka kabla ya fundi yule kuipitia. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980.

Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kumsumbua. Daktari alieleza kirefu habari ya upasuaji, lakini mkewe alitoka chumbani akitikisa kichwa. "Hakuna atakayempasua mume wangu kwa jambo nisilolielewa." Marehemu akaomba kalamu, akachora mishipa ya moyo nyuma ya bahasha: huu umeziba, huu umekuwa mwembamba.

Mkewe aliutazama mchoro. "Nakujua wewe. Umeacha nini?"

"Majina ya kidaktari tu, mke wangu. Hatari iko hapa." Akaizungushia duara. "Hapa naweza nisirudi. Na nisipopasuliwa, muda ni mfupi."

"Unataka nini?"

"Nyumbani."

"Basi twende nyumbani."

Wakarudi. Walikaa barazani miezi ile wakitaniana kama wachumba, na hakuna aliyelazimika kumficha mwenzake chochote. Alifariki adhuhuri ya tarehe 2 Agosti, kichwa begani mwa mkewe.

Ameacha mke, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba na dada yake mkubwa.

Mola ampe pumziko lililo tulivu.