Fundi wa Mstari wa Njano

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Waya, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili wa seremala. Alisoma shule ya msingi mkabala na posta, na fimbo za kuchelewa zilimzoea, maana kila asubuhi alisimama kuwaangalia mafundi wa simu wakipanda nguzo.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa simu. Kazini alimpenda opareta mmoja, akawa anampigia mara tatu kwa siku eti anapima laini ile ile isiyo na hitilafu. "Laini haina tatizo," bibie alimwambia. "Sema shida yako." Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1983, wakajaliwa binti mmoja.

Kuanzia 1998 alisimamia chumba cha mpakani ambamo waya wa intaneti wa nchi mbili uliungwa. Sakafuni palichorwa mstari wa njano: huku sheria zetu, kule zao. Yeye na fundi mwenzake wa upande wa pili walipeana koleo juu ya mstari huo, na hakuna aliyeukanyaga. Marehemu hakuacha kushangaa mpaka anastaafu. "Uzi mwembamba kama unywele," alisema, "unapitisha barua za mataifa mawili bila pasi. Halafu karatasi moja yenye muhuri inazinyamazisha zote."

Karatasi hiyo, amri ya serikali, ilimfikia tarehe 9 Agosti 2016: waya uzimwe siku tano, simu na intaneti. Binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na asubuhi hiyo alikuwa leba. Ujumbe wake wa mwisho ulisema, "Baba, ndiyo naingia." Marehemu alizima kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi, akachukua pasi yake na kupanga foleni mpakani saa sita nzima. Alifika hospitali jioni, akambeba mjukuu huku machozi yakimtoka.

Alipatwa na kiharusi Januari 2024. Mkewe alimuuguza hadi alipofariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti, mkwe na mjukuu. Hao watatu wa mwisho hawapo hapa kaburini. Safari hii lango la mpaka ndilo lililofungwa kwa amri, na waya uko wazi. Wanatusikiliza kwenye simu aliyoishika mjane, kupitia uzi aliouunga marehemu mwenyewe. Mjukuu alituomba tusome polepole, neno lolote lisimpite.

Tumesoma polepole. Fundi wetu na alale salama.