Mama Vibao na Picha Iliyokaa Bila Neno

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mama Vibao anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wageni wa jumba letu la makumbusho huenda hawamjui, ila wamemsoma. Kila kibao kidogo chini ya kila picha kimetoka kwenye brashi yake, na sisi tuliompa jina hilo la utani tumekwisha sahau kama ana jingine.

Alianza akiwa binti mwembamba, kazi yake kunakili kwa mwandiko mzuri kile ofisi ilichotuma. Chini ya picha za kale aliandika "washenzi", kama alivyoagizwa, na hakuna aliyekohoa. Ukaja waraka: andika "wenyeji wasiostaarabika". Mwingine: "wenyeji" peke yake. Kisha "kabila", kisha "jamii". Jumatatu, siku tunayofunga milango, alipanda ngazi, akabandua vibao vya zamani na kuweka vipya. Nuru ya mchana iliingia kwa uvivu kupitia vioo vya juu, vumbi likielea, ungedhani watu wa pichani wamelala naye anawabadilishia majina polepole wasiamke. Hakuna aliyesogea, lakini Jumanne walikuwa watu wengine.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupigilia kibao aliisomea picha maneno yale kwa sauti, kisha akanyamaza kidogo kana kwamba anasubiri jibu. Tulimcheka sana, na baadaye nasi tukajikuta tunanong'ona tukipita ukumbini.

Kuna mwaka waraka ulitaka kila kibao kianze na rangi ya mtu. Mama Vibao akatii bila kubagua. Picha ya mwanzilishi wa jumba, iliyokuwa na jina na vyeo mistari mitatu, ikasomeka: "Mzungu wa makamo mwenye kofia." Mkurugenzi wa wakati ule alifura, akataka kumfukuza, lakini sahihi kwenye waraka ilikuwa yake mwenyewe. Waraka ukafutwa haraka. Mama Vibao anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na nia mbaya, nasi tunamwamini nusu.

Ilikuwapo picha moja aliyoiruka kila Jumatatu. Ni ya mwanamke kijana aliyeegemea mlango, kidevu juu, meno yote nje. Kibao kilisema: "Chotara." Huyo ni bibi yake, mzaa mama yake. Bibi alijiita hivyo mwenyewe, kwa maringo, na kwao lilikuwa neno la nyumbani. Nyaraka zilipolikataa, Mama Vibao alitia pamba masikioni. Aliogopa kwamba akilitoa neno atamtoa na bibi.

Mwaka jana alimleta mjukuu wake, ambaye shuleni walikuwa wakimzomea kwa neno hilohilo. Mtoto akasoma, akasimama. Mama Vibao akamweleza taratibu kwamba zamani halikuwa tusi, kwamba bibi huyu alilipenda. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa mbona mimi linaniuma?" akauliza.

Mama Vibao hakungoja Jumatatu. Alileta ngazi ukumbi ukiwa umejaa wageni, akakitoa kibao. Tangu hapo picha ikakaa bila neno. Ofisi ilipendekeza maneno mengi, yote ya adabu, naye aliisomea picha neno moja baada ya jingine na kutikisa kichwa. Siku za kustaafu zilipokaribia akaanza kukonda. Tuliogopa ataondoka akimwacha bibi yake hivyohivyo, kama mtu asiye na kwao.

Jumatatu iliyopita alipigilia kibao chake cha mwisho: "Bibi yangu. Alipenda kucheka." Mkurugenzi wa sasa alikuja kukisoma, akakiacha palepale, akarudi ofisini. Jana mjukuu alikuja na wenzake wa darasani, akawaonyesha kwa kidole.

Ahsante, mama yetu. Tunakutakia siku ndefu, usingizi mtamu wa mchana na wajukuu wasiokosa maswali. Nyaraka zitaendelea kuja, na huenda tukazitii. Kibao hicho kimoja hatutakigusa.