Benchi Linakwenda Bahari Kuu

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile liligeuka boti. Aliyelizindua ni Nyundo, fundi wa kuchomea mageti, kijana ambaye mdomo wake huamka kabla yake. Jumamosi anampeleka baba wa mchumba wake kuvua kwa boti ya kukodi: nahodha wake, injini mbili, nafasi za abiria wanne tu. Mzee alishamkataa kwa neno moja tu, "Mropokaji." Sasa anakwenda kujibiwa kwa samaki. Kilichobaki ni kumwambia nahodha leo hii: wavue karibu na pwani au waende bahari kuu? Kijiwe kikaombwa ushauri, na ushauri wa kijiweni haupimwi kwa kijiko.

— Pwani wanavua watoto, alianza Nyundo. Mimi bahari kuu. Samaki wa huko akiniona, anajisalimisha.

— Wewe uliyetapika kwenye kivuko? Kinyozi akamkata, kitana sikioni.

— Kivuko kilikuwa na moshi!

— Ulitapika kabla hakijawashwa, mwanangu.

Profesa, fundi viatu aliyepata jina hilo kwa kutokosa jibu, akapuliza kikombe chake.

— Bahari kuu, alitamka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule wageni ni sisi. Kwa hiyo tuingie kimyakimya, la sivyo samaki wote watapona.

— Tuingie? Nani kakualika?

— Utakwendaje bila mshauri? Samaki wa pwani wajanja, wanakula chambo wanakuachia chuma. Wa bahari kuu hawajawahi kudanganywa. Washamba wale!

— Hapo umenena! Kinyozi akajibwaga kwenye benchi. Mimi nakaa nyuma. Mchumia juani hulia kivulini, basi mimi naanzia kivulini. Na wote nitawanyoa, maana jodari hapendi harufu ya nywele.

— Jodari ana pua?

— Ana matundu. Unadhani ya hereni?

Mama Kahawa akatua birika kwenye ncha ya benchi.

— Na kahawa mtamiminiwa na nani huko, nyangumi? Hebu sogeeni.

Wakasogea. Mpini wa ufagio ukawa fimbo ya kuvulia, mkanda wa Nyundo ukawa mshipi, na Profesa akainuka kuwa samaki.

— Vuta!

— Mlegezee kwanza!

— Mbembeleze, kaka, huyo jike!

Nyundo akavuta, mkono mmoja ukishika suruali isimwache. Benchi likayumba, tofali likachomoka, birika likalala chali, kahawa yote ikashika njia ya mtaroni.

— Dhoruba! wakashangilia.

Tofali likarudi, samaki naye akarudi, kila mtu akakaa mahali pake. Nyundo akachomoa simu.

— Imepita. Bahari kuu! Nampigia nahodha.

— Hamjambo hapa?

Mkono wenye simu ukabaki hewani. Alikuwa mzee mwenyewe, baba wa mchumba, na kofia mpya ya ukingo mpana, lebo ya dukani ikining'inia sikioni.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Jumamosi naiona mbali, nikasema nipite. Mzee alitabasamu, jambo ambalo Nyundo hakuwahi kuliona. Naona mmeshapangana kabisa. Na mimi, mwanangu, nakaa wapi?

Nyundo akatazama kulia, akatazama kushoto. Wanne, bega kwa bega. Kinyozi akakagua kitana. Profesa, asiyekosa jibu, akainamia viatu vyake. Mama Kahawa akaliinua birika amkaribishe mzee walau kikombe, akaliinamisha mpaka mwisho.

Halikutoa hata tone.